Maji na soda msiviweke mstari mmoja

Kwa Waziri wa Fedha, Waziri wa Afya, na wabunge wa Kamati ya Fedha na Mipango ya Kitaifa ya Bunge la Taifa. Nakala kwa magavana wa Kisumu, Kakamega na Bungoma.

Waheshimiwa,

Nina duka Kondele, hapa Kisumu, na huu ni mwaka wa kumi na sita nikiliendesha. Nauza unga, sukari ya robo, mafuta ya kupima, sabuni ya kipande na soda. Wakati wa jua kali, soda ndiyo hunilipia kodi ya chumba. Natanguliza hilo ili mjue ombi langu litanigusa mfukoni. Naomba mtoze ushuru vinywaji vyenye sukari kufuatana na gramu za sukari zilizomo, na pesa zitakazopatikana ziwekwe kando kwa ajili ya dawa na vipimo vya wagonjwa wa kisukari.

Nianze na friji, kwa maana mengi ninayoyajua juu ya jambo hili nimeyaona nikiwa nimesimama kando yake.

Friji iliyo dukani kwangu si yangu. Aliileta msambazaji wa soda, bila malipo, ikiwa imepakwa rangi za kampuni, kwa sharti kwamba rafu za juu, zile zinazotazamana na macho ya mteja, zikae vinywaji vyake. Maji nayaweka chini. Kila duka la rika langu kuanzia hapa hadi Kibuye lina friji ya namna hiyo. Mtoto wa darasa la nne akiingia saa tisa unusu, jasho likimtoka, kitu cha kwanza kinachomtazama ni soda, na cha pili pia ni soda. Mimi ndiye ninayemfungulia.

Ndani ya friji hiyo hiyo, rafu ya chini kabisa, nyuma ya chupa za maji, kuna kikasha cha plastiki chenye mfuniko wa bluu. Humo mna insulini ya mama yangu. Insulini inataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na nyumbani kwetu hatuna friji. Kwa hiyo asubuhi kabla ya chai na jioni kabla ya chakula, mmoja wa wajukuu hutumwa dukani na kopo dogo. Namfungulia yeye pia.

Mama alilima miwa Chemelil pamoja na baba tangu mimi sijazaliwa. Mwaka 2013 alianza kulalamika kiu isiyokatika. Anaamka usiku mara nne kwenda chooni, akirudi anataka kunywa tena. Alikuwa amekuja kukaa nami kwa muda, na kwa kuwa nilimwona amekonda na kuchoka, nikawa nampa soda kila mchana ili apate nguvu. Wakati mwingine mbili. Hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba kiu ya namna ile ni dalili ya sukari kupanda kwenye damu, na kwamba nilikuwa nikimwagia petroli moto. Alipozirai sokoni tukampeleka hospitali, na mashine ya kupimia ikaandika neno tu badala ya namba, kwa sababu sukari ilikuwa imepita kiwango inachoweza kuhesabu. Miaka mitano baadaye kidonda cha kidole cha mguu kilikataa kupona. Walikata kidole, kisha wakakata mguu chini ya goti.

Nakumbuka siku zile za wodini kwa sababu ya meza ndogo iliyokuwa kando ya kitanda chake. Wageni walikuja wengi, watu wa kanisa, wa chama, wa ukoo. Nanyi mnajua desturi yetu ya kwenda kumwona mgonjwa: haendi mtu mikono mitupu. Walileta juisi za boksi, soda za lita mbili, glukosi ya pakiti. Meza ilijaa. Mgonjwa aliyekatwa mguu kwa kisukari, na upendo wa watu wake ukamfikia kwa umbo la sukari. Sikumlaumu hata mmoja wao. Ningekuwa mimi ningefanya vivyo hivyo, na kwa wengine nilishafanya. Huku kwetu soda ndiyo heshima ya mgeni. Mahari haijadiliwi bila soda mezani, na matanga hayaishi bila kreti.

Ndiyo maana siwaamini wanaosema kwamba elimu pekee itatosha. Elimu nimeipata kwa gharama kubwa kuliko wengi, na bado soda iko rafu ya juu.

Sasa nije kwenye sheria. Sheria ya Ushuru wa Bidhaa ya mwaka 2015, katika jedwali lake la kwanza, iliweka maji ya chupa na vinywaji vingine visivyo na kileo katika mstari mmoja, kiwango kimoja: shilingi 5 kwa lita. Juisi za matunda na mboga zikawekewa shilingi 10. Viwango vilipandishwa baadaye, lakini kipimo kilibaki lita. Mama wa Manyatta anayenunua maji ya chupa kwa sababu mfereji umekauka na kuna habari za kipindupindu alitozwa na sheria ile sawasawa na anayenunua soda. Nilipoonyeshwa jedwali hilo na mpwa wangu anayesomea uhasibu, nilimwomba alisome mara mbili. Sikutegemea kwamba ushuru wa soda upo tayari, na kwamba tumekuwa tukiulipa miaka yote hii bila ushuru huo kuangalia kilichomo ndani ya chupa.

Kwa hiyo ombi langu si la ushuru mpya kabisa. Ni kubadili kipimo, kutoka lita kwenda gramu.

Soda ya kawaida ina kama gramu 10 na nusu za sukari katika kila mililita 100. Chupa ya nusu lita basi inabeba zaidi ya gramu 50, ambazo ni vijiko vya chai kumi na vitatu hivi. Nimewahi kuvipima dukani mbele ya wateja, kijiko baada ya kijiko, ndani ya glasi tupu, na hakuna aliyeweza kusimama pale bila kusema neno. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwenye chakula kwa siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Yaani nusu ya chupa ile inatosha kumaliza fungu la siku nzima, hata kabla ya chai.

Afrika Kusini walianza Aprili 2018. Gramu 4 za kwanza katika kila mililita 100 hazitozwi kitu, na kila gramu inayozidi hapo inalipiwa. Tuchukue mpango huo na tuweke namba zetu. Tuseme kila gramu inayozidi ni senti 40. Soda ya nusu lita yenye gramu 53 ingekuwa na gramu 33 za kutozwa, yaani shilingi 13 na senti 20. Ikiwa chupa inauzwa shilingi 70, bei inapanda karibu na ile asilimia 20 ambayo Shirika la Afya Duniani limekuwa likiipendekeza. Kampuni ikipunguza sukari hadi gramu 5 katika mililita 100, ushuru wake unashuka hadi shilingi 2. Ikifika 4, hailipi. Maji hayalipi hata senti.

Hapo kwenye kupunguza ndipo napenda mpaangalie sana. Uingereza ilitangaza ushuru wake mwaka 2016 na kuanza kuutoza Aprili 2018, ikiwa na ngazi mbili: peni 18 kwa lita kuanzia gramu 5 katika mililita 100, na peni 24 kuanzia gramu 8. Kampuni zilipewa miaka miwili, na ndani ya miaka hiyo nyingi zilibadili mapishi zikashuka chini ya ngazi. Mnywaji alipunguziwa sukari bila yeye kufanya lolote. Mtoto wa saa tisa unusu niliyemtaja hawezi kusoma mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, lakini anaweza kupewa chupa yenye sukari nusu.

Na bei nayo inafanya kazi. Meksiko ilianza kutoza peso moja kwa lita Januari 2014, na watafiti waliofuatilia manunuzi ya mwaka ule walikuta vinywaji vyenye ushuru vimepungua kwa asilimia 6 kwa wastani, na kaya maskini ndizo zilizopunguza zaidi. Mimi sihitaji kwenda Meksiko kuamini. Mara ya mwisho bei ilipopanda shilingi kumi, wanafunzi walianza kuchanga watatu chupa moja, na vijana wa bodaboda wa hapo stejini wakahamia uji wa jirani yangu kwa majuma kadhaa. Muuza duka anajua kila shilingi inamfukuza nani.

Najua mtaambiwa kwamba ushuru huu unamwonea maskini. Nimelifikiria hili kuliko yote, kwa sababu wateja wangu ni watu wa kununua sukari ya shilingi kumi. Lakini maskini huyo huyo ndiye anayelipia kisukari kwa bei kubwa kuliko tajiri. Karatasi ndogo za kupimia sukari kwenye damu zinatumika mara moja na kutupwa, na zahanati mara nyingi hazina, kwa hiyo mama alipimwa siku tulizokuwa na pesa. Siku ambazo hatukuwa nazo alijidunga kwa kukisia. Tuliuza ng'ombe wawili na tukakodisha ekari moja ya miwa kwa miaka mitatu ili kulipia ule mguu. Dada yangu aliacha kazi ya saluni kumtunza. Hakuna ushuru wa soda utakaofikia hesabu hiyo.

Wala si sisi peke yetu. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2008–09 ulikuta robo ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliopita kiasi. Ulipofanywa tena mwaka 2014 ilikuwa thuluthi moja. Miaka mitano tu. Uzito si soda pekee, nakubali, ila soda imo.

Sasa miwa. Hili lazima niliseme kwa uangalifu, maana naandikia pia watu wa nyumbani, wa Chemelil, Muhoroni, Nzoia na Mumias. Baba yangu alipata karo yetu kwa miwa. Nimefuata trekta barabara ya Awasi nikiokota mabua yaliyoanguka, kama kila mtoto wa kule. Nimeona pia baba akikaa zaidi ya mwaka bila kulipwa miwa aliyokwisha kupeleka kiwandani. Mtu akisikia "ushuru wa sukari" huku kwetu, anasikia mwisho wa shamba lake. Wakulima wa miwa wa Afrika Kusini wamelalamika hivyo hivyo.

Lakini hali yetu si yao. Kenya hula sukari nyingi kuliko inayotengeneza, na pengo huzibwa na meli zinazotia nanga Mombasa. Na sukari inayotiwa kwenye soda ni ile nyeupe iliyosafishwa kwa matumizi ya viwandani, ambayo sehemu yake kubwa huagizwa kutoka nje. Viwanda vyetu vya ukanda wa miwa vinatengeneza hasa sukari ya mezani, hii ya rangi ya kahawia ninayoipima kwa robo. Kwa hiyo soda ikipunguza sukari, atakayepungukiwa kwanza ni mfanyabiashara wa ng'ambo. Kilichomuumiza baba yangu hakikuwa mtu kunywa soda kidogo. Kilikuwa kiwanda kutolipa.

Ndiyo maana nawaomba pia mambo msiyoguse. Msiguse sukari ya robo. Msiguse mandazi ya mama anayekaanga alfajiri, wala sukari nguru, wala miwa ya kutafuna inayouzwa kwa toroli. Nimesikia watu wakitaka kila kitamu kitozwe. Mama anayekoroga uji wa wimbi na kijiko kimoja cha sukari kwa watoto watano anajua alichotia. Chupa iliyofungwa ndiyo inayoficha vijiko kumi na vitatu, na ndiyo rahisi kutoza: tangu Novemba 2019 kila chupa ya soda, juisi na maji inatakiwa kuwa na stempu ya KRA, mamlaka ya kukusanya kodi. Mnazihesabu tayari, moja moja. Juisi za boksi nazo zihesabiwe kwa gramu zake, picha ya embe isiziokoe.

Kuna la mpaka. Denmaki ilifuta ushuru wake wa mafuta ya kwenye vyakula Januari 2013, baada ya miezi kumi na mitano tu, na moja ya sababu ilikuwa watu kuvuka kwenda kununua Ujerumani. Sisi tuna Busia na Malaba. Sukari ya magendo tumeizoea, na soda nayo itapita ikiwa bei za pande mbili zitaachana sana. Zungumzeni na Uganda mapema, ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Waheshimiwa, nimebakiza jambo gumu kuliko yote, nalo ni imani.

Tarehe 25 Juni 2024 nilifunga duka saa nne asubuhi. Vijana waliopita barabarani Kondele siku ile wakipinga Mswada wa Fedha ni watoto niliowauzia kalamu. Mswada wa Fedha uliondolewa siku iliyofuata, lakini waliokufa nchini hawakurudi. Tangu hapo ukitamka neno ushuru hapa mtaani, watu wanakutazama kana kwamba umewatukana. Mswada ule mwanzoni ulitaka kutoza VAT, kodi ya ongezeko la thamani, hata mkate. Mkija sasa mkasema mnatoza soda kwa ajili ya afya yetu, bila kuonyesha pesa zinakwenda wapi, hakuna atakayewasikiliza, nami sitaweza kuwatetea.

Basi andikeni ndani ya sheria yenyewe zinakokwenda. Jambo hili si geni kwenu. Ushuru wa mafuta ya gari umetengewa barabara. Sukari yenyewe ina ushuru wake wa asilimia 4 chini ya Sheria ya Sukari ya 2024, wa kuendeleza sekta hiyo. Na tangu SHA, mamlaka ya bima ya afya, ichukue nafasi ya mfuko wa zamani wa NHIF Oktoba 2024, sheria ina hazina maalum ya dharura na magonjwa sugu na mahututi. Pelekeni huko kila shilingi ya sukari, na semeni kwa majina itanunua nini: insulini, karatasi za kupimia, sindano, na muuguzi wa kukagua miguu ya wagonjwa katika kila zahanati. Muuguzi akikitazama kidole mapema, mguu unabaki. Halafu kila mwaka tangazeni kilichokusanywa na kilichonunuliwa, kaunti kwa kaunti, kwa lugha ambayo mama yangu ataielewa.

Magavana, nanyi. Katiba, kifungu cha 209, imeiachia serikali ya kitaifa peke yake ushuru wa bidhaa, kwa hiyo sitawadai msichonacho. Lakini hamhitaji Bunge ili kuacha kugawa soda na mkate kila mnapowaita wananchi kutoa maoni. Hamhitaji Bunge ili kuweka tangi la maji safi katika kila shule ya chekechea, ambazo ni zenu. Na zahanati ni zenu.

Kifungu cha 43 cha Katiba hiyo hiyo kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Mama yangu hutaka nimsomee magazeti jioni, na siku moja nilimsomea kifungu hicho. Aliniuliza kama kinachoweza kufikiwa ni kile ambacho serikali inakifikia au kile ambacho mtu anakifikia. Sikuwa na jibu. Nimewaletea swali lake kama alivyolisema.

Mswada wa Fedha huletwa Bungeni kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka. Mkija Kisumu kusikiliza maoni, nitakuja na daftari langu la mauzo, la miaka kumi na sita, mwone wenyewe nini hutokea bei inapopanda shilingi tano na inapopanda kumi. Na mkipenda kuiona ile friji, nafungua saa kumi na mbili asubuhi. Kikasha chenye mfuniko wa bluu kiko rafu ya chini, nyuma ya maji.

Wenu,
Mwenye duka, Kondele, Kisumu